Mwaka Nilioihamisha Burundi

Alama tatu juu ya ishirini. Ndizo nilizopata katika kazi yetu ya kwanza ya uchoraji wa kiufundi, na zilibandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo ulio mbele ya ofisi ya kitivo, mahali ambapo hata mpita njia asiyesoma chuoni husimama akasoma. Chini ya jina langu lilikuwepo jina moja tu, na mwenyewe alikuwa ameacha masomo tangu wiki za mwanzo akaenda kuchimba dhahabu huko Fizi.

Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni. Nilipomsikia kijana mmoja nyuma yangu akisema, “Maman ingénieur, ku gestion nafasi ingali iko,” niligeuka nikamwambia nafasi hiyo ya kusomea usimamizi amwekee dada yake. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Tulikuwa wasichana watatu tu katika mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi hapo Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka Burundi, na mimi peke yangu ndiye niliyetoka sekondari ya ualimu. Wenzangu walikuwa wamesoma hesabu na fizikia, au ujenzi wenyewe. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuwaimbisha watoto wadogo na kuandaa somo la usafi wa meno. Ile rula ndefu ya wachoraji tunayoiita té niliishika kwa mara ya kwanza chuoni, na niliishika kinyume.

Watu waliniuliza nilitafuta nini huko. Jibu langu halikuwa la kumwambia mtu, kwa sababu lilikuwa hasira tupu. Sisi ni watu wa Kalundu, upande wa bandari. Mlima uko mgongoni, ziwa liko miguuni, nasi tumebanwa katikati. Mvua ikizidi, mlima hututupia mawe na matope. Na ziwa hilo la Tanganyika lilipopanda, likala nyumba za avenue yetu moja baada ya nyingine, kuanzia zile za ufukweni. Walikuja wanaume wenye buti na kofia za plastiki, wakasimamisha chombo cha miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, wakapigilia vigingi vyekundu, wakaenda zao. Hatukuwaona tena. Vigingi watu waliving'oa wakapikia. Nikabaki najiuliza waliona nini mle ndani ya chombo ambacho sisi wenyeji hatukuambiwa. Nilipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, majirani wakanimwagia poda kichwani mpaka mabegani kama ilivyo desturi yetu, nikajipangusa macho nikatangaza kwamba naenda kusoma ujenzi. Walidhani ni poda imenilevya.

Chuoni wakubwa walitupokea kwa namna yao. Sisi wa mwaka wa kwanza tunaitwa ma-bleu, wao ni ma-poil, na poil akisema, bleu anatii. Mimi nilipewa njiti ya kiberiti nipime urefu wa uwanja wa mpira. Nikapiga magoti nikaanza kweli, njiti kwa njiti, jua la Uvira likinichoma mgongo, hadi poil mwenyewe akachoka kunisimamia. Akaniuliza nimefika ngapi. Nikamjibu kwamba kwa kunisemesha amenisahaulisha, basi inabidi nianze upya. Aliniambia niondoke mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo hakunisumbua.

Habari za zile alama tatu zilifika nyumbani kabla yangu. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ni kapita, msimamizi wa wabeba mizigo pale bandarini, na bandarini hakuna kisichojulikana. Nilimkuta amekalia kiti chetu kizuri, mama yuko kwenye kigoda anachambua ndagala, dagaa wetu, nikajua kikao kimekwisha kuandaliwa.

“Minye sikatae masomo yako,” alianza. “Lakini kazi yetu inatufundisha kitu moya: muntu anabeba muzigo yenye mabega yake inaweza. Gestion iko pale pale. Niko na rafiki anajuana na secrétaire wa faculté. Anasema kubadilisha inawezekana, mbele mwezi iishe.”

“Na nikikataa, baba mudogo?”

“Weye uko mutoto wa ndugu yangu. Ukianguka mwaka muzima, bantu batasema njo minye nilikuangusha.”

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonishinda. Angekuwa ananionea ningejua pa kumshika. Lakini alikuwa akinitetemekea, mtoto wa kaka yake, na sauti yake ilikuwa ya upole kama anayemshauri mgonjwa. Nilimtazama mama. Mama alitupa kokoto aliyoiokota kwenye ndagala, akasema bila kuinua kichwa, “Umupe hii topo.”

Topo ni topografia, sanaa ya kupima ardhi na kuichora. Somo hilo kwetu hufundishwa na profesa mgeni anayeshuka kutoka Bukavu mara moja tu kwa mwaka. Akifika, masomo mengine yote husimama. Anafundisha asubuhi hadi jioni kwa wiki nzima, anafanyisha mtihani, anapanda gari anarudi. Wiki hiyo hakuna mwanafunzi anayeugua wala anayefiwa. Mama alikuwa amenisikia nikisema kwamba atafika karibuni.

“Akipita, abakie,” mama akasema. “Akianguka, aende gestion, na hatalia.”

Baba mdogo alikubali. Mimi nilisema sawa, ingawa nilijua kwamba kulia nitalia.

Nilijipa kazi. Katika darasa letu alikuwepo kijana wa Sange, mtoto wa wakulima wa mpunga wa bondeni, aliyekuwa amesoma ujenzi tangu sekondari. Nilimwendea nikamwambia anifundishe kushika penseli. Alicheka kwanza, kwa sababu yeye hucheka kwanza kwa kila jambo, kisha akanionyesha kwamba penseli huzungushwa vidoleni taratibu wakati mstari unapovutwa, ili ncha isilale upande mmoja. Hakuna aliyenieleza hilo kabla yake. Niliamka kila alfajiri mama alipoondoka kwenda kungoja mitumbwi ya samaki, nikavuta mistari mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Mistari ikaanza kunyooka. Magamba ya mikeke yalinasa kwenye karatasi zangu, maana meza ilikuwa moja na samaki walikuwa na haki nayo kuliko mimi.

Profesa alifika, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya majani aliyoivaa hata ndani ya darasa. Siku mbili alitufundisha ubaoni. Siku ya tatu alitugawa vikundi akatupa kila kikundi mtaa wa kupima, kisha kila mmoja auchore kwa mkono wake. Sisi tukapewa Kalundu, na kama bahati haina macho, tukapewa avenue yetu yenyewe, kutoka chini ya mlima hadi majini. Nilikaribia kuruka. Mcheza kwao hutunzwa, nikajisemea, nikachukua uongozi wa kikundi bila kuombwa.

Tulipima kwa utepe, tukasimamisha miti yetu yenye rangi nyekundu na nyeupe, majirani wakatoka kutuangalia. Kijana wa Sange alishika dira. Kila tulipofika kwenye kona alisoma pembe, mimi nikaiandika. Ndipo nilipoona kwamba sindano ya dira haielekei kunako. Nilitazamia kaskazini yake ielekee mlimani. Yenyewe ilikuwa ikielekea mjini, kwenye barabara ya Bukavu.

“Hii boussole imekufa,” nikasema.

“Haiyakufa,” akasema kijana wa Sange. “Kwetu nord iko ku Bukavu. Barabara yote inaendako.”

“Kwenu iko Sange. Hapa iko Kalundu. Weye njo utanionyesha avenue yetu?”

Aliinua mikono kama mtu aliyekamatwa, akacheka, akaendelea kusoma pembe. Dira ilikuwa kuukuu kweli, kioo kimepasuka, na wenzetu wakaniunga mkono.

Nieleze kwa nini nilikuwa na hakika hivyo. Kwetu hakuna anayesema kulia wala kushoto. Kuna juu, ambako ni mlimani, na kuna chini, ambako ni ziwani. Mtoto anayetumwa chumvi huambiwa apande nyumba mbili. Marehemu hupelekwa juu, samaki hutoka chini. Na shuleni, tangu darasa la kwanza, mwalimu alichora ramani ubaoni akaandika kaskazini huko juu, kwenye ncha ya ubao. Miaka yote hiyo nilikuwa nimezibeba juu hizo mbili kama kitu kimoja, bila kukaa hata siku moja kuziuliza. Si kwamba nilifikiri kaskazini iko mlimani. Mgongo wangu wenyewe ndio uliokuwa umekaa hivyo, kama unavyojua mlango wa kwenu uko wapi gizani.

Nikachora mlima upande wa juu wa karatasi, ziwa chini, na avenue yetu ikiteremka katikati, imenyooka. Kwenye pembe ya juu nikaweka mshale mzuri wa kaskazini, ncha ikitazama juu. Zile pembe za dira nikaziweka kando, nikatumia macho yangu. Ulikuwa mchoro wa kwanza maishani mwangu ambao sikuuonea haya. Mama aliutazama akaonyesha kwa kidole, “Hapa njo kwetu,” na kweli ndipo palipokuwa kwetu. Nikampelekea profesa pamoja na daftari la pembe, nikiwa nimeinua kidevu.

Kesho yake aliubandika ubaoni, wa kwanza kabisa. Nikadhani nasifiwa.

“Mademoiselle,” akaniuliza, “jua inatokeaka wapi kwenu?”

“Ku lac, professeur.”

“Vizuri. Hapa ku plan yako, inatokea ku soko ya Mulongwe, ku barabara ya Bukavu.” Akangoja kicheko cha kwanza kipite. “Na Bujumbura, yenye tunaona pale ng'ambo, umeituma kule kusini, ku njia ya Zambia. Umehamisha Burundi nzima. Uliuliza benyewe?”

Darasa lilipasuka. Watu walipiga madawati. Kijana wa Sange naye alicheka, sikumlaumu, alikuwa na haki yake. Nilisimama pale nikitafuta kosa kwenye karatasi na kutoliona, kwa sababu kila nyumba ilikuwa mahali pake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulimwengu wote uliozizunguka zile nyumba nilikuwa nimeuzungusha robo ya mduara.

Profesa alinyamazisha darasa, akabandika michoro mingine ya watoto wa Uvira, wa Mulongwe, wa Kimanga, na hao waliocheka kwa sauti kubwa wakaanza kutazama viatu vyao. Karibu wote wa mwambao tulikuwa tumefanya kosa lile lile. Wa bondeni, wa Sange na Luberizi, ambao mlima wao uko mbali na ambao maisha yao yote yako kando ya barabara, walikuwa wamepatia.

“Lakini weye,” akanirudia, “ulikuwa na pembe zote, na ziko sawa. Chombo ilikuambia. Weye ukaiambia inyamaze.”

Hilo liliniuma kuliko Burundi. Nilikuwa nimewachukia wale wanaume wa buti kwa kutotuuliza sisi wenyeji, na mimi siku ya kwanza niliyopewa chombo nilikataa kukisikiliza. Profesa akasema hatatoa alama za michoro; mtihani wenyewe utafanyika siku ya mwisho, Kalundu, uwanjani, na huo ndio utakaoamua kila kitu.

Jioni ile nilimkuta baba mdogo mlangoni. Alikuwa amekwisha kusikia. Aliniambia tu kwamba rafiki yake amezungumza na secrétaire na kwamba jambo liko tayari. Nilimwambia ningali na mtihani. “Uko nao,” akakubali, kwa ile sauti yake ya kumshauri mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenda chuoni kwa miguu, nikiwa nimeapa kwamba nitaitoa hiyo kaskazini ya uongo mwilini mwangu hata ikibidi kwa nyundo. Jua lilikuwa limechomoza ziwani. Nikajilazimisha kusema kwa sauti: mashariki, mkono wangu wa kulia. Mlima, magharibi, mkono wa kushoto. Basi uso wangu unatazama wapi? Nikasimama katikati ya njia, mwendesha pikipiki akanitukana. Kumbe kila siku niliyokwenda chuoni nilikuwa nikitembea kaskazini, na kila jioni niliporudi nyumbani nilikuwa nikitembea kusini. Nilicheka peke yangu barabarani. Halafu nikaanza kazi: kila kona, kila nyumba, kila mti, naeleza uko upande gani wa kitu kingine. Muuza mikate yuko kusini-mashariki ya kanisa. Kisima kiko magharibi ya muuza mikate. Watu walinitazama kwa huruma. Mwili ulibisha, kila nilipojisahau, kaskazini ilirudi mlimani kama mbuzi anayejua zizi lake. Nikairudisha tena.

Siku ya mtihani avenue yetu ilijaa watu. Tuliitwa wanne wanne. Kila mmoja alipewa dira, utepe, mahali pake pa kuanzia, na karatasi yenye pembe na urefu wa kila kipande cha njia. Ulipaswa kufuata namba hizo na kusimama pale zinapoishia, basi. Mimi niliitwa pamoja na kijana wa Sange na wenzetu wawili. Niliianza yangu karibu na barabara kuu. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila mara niliiacha sindano itulie kabisa kabla sijainua mguu. Kipande cha mwisho kilinielekeza ziwani.

Kilinielekeza ziwani na kunizidisha. Nilifika mahali maji yanapogusa mchanga nikiwa bado na mita nyingi za kutembea. Wenzangu watatu walikuwa wamekwisha kufika ufukweni, kila mmoja amesimama mahali pake penye ukavu, wakitazamana. Mmoja alisema karatasi yake nayo inamtuma majini, basi ina kosa. Mwingine akasema profesa anapima akili zetu, jibu ni hapa hapa.

Nilimwona profesa chini ya kofia yake, haonyeshi lolote. Niliona tena Burundi ikielekea Zambia. Sauti moja ndani yangu ilisema nimekosea tena, nigeuke, nitafute mahali pa heshima pa kusimama. Niliitazama dira. Nikaisoma mara ya pili. Haikubadilisha maneno.

Nikavua viatu.

“Shika mwisho wa utepe,” nikamwambia kijana wa Sange.

“Weye unaenda wapi?”

“Kwenye hesabu inasema.”

Maji yalifika magotini, kisha mapajani, sketi yangu nzuri ikaelea. Vijana waliokuwa wakingoja zamu yao wakaanza kelele, “Kiboko! Kiboko!” na majirani wakacheka. Katikati ya vicheko nikasikia sauti ya baba mdogo, ambaye alikuwa amepanda kutoka bandarini kuja kuona mwisho wa mambo. “Weye mutoto! Toka mu maji! Unatupatisha haya!” Sikugeuka. Miguuni nilihisi saruji laini yenye utelezi, sakafu ya nyumba ya mtu, halafu vipande vya matofali. Niliusikia utepe ukikaza. Kijana wa Sange akapaza sauti kwamba urefu umetimia. Nikapapasa kwa mguu, hakuna kitu. Nikaangalia dira, nikasogea kidogo upande wa kaskazini, kidole gumba kikagonga ukingo mgumu kwa nguvu hata machozi yakanitoka. Ilikuwa pembe ya msingi wa nyumba, matofali mawili yaliyokutana sawasawa, na nondo ikichomoza kati yake. Nyumba ya mwisho ya avenue yetu, ya kwanza kuliwa na ziwa. Profesa alikuwa na ramani ya zamani, ya kabla maji hayajapanda.

Nikasimama juu ya ile pembe, maji yakanishuka hadi magotini, nikainua mkono.

Kelele zilipungua. Baba mdogo akamwendea profesa, akavua kofia yake ya kazi. Nilimsikia vizuri, maana maji hubeba sauti.

“Professeur, huyu mutoto amepotea?”

“Hapana, papa,” akasema profesa, akiandika. “Yeye ameisha fika. Ni hawa bengine njo bado.”

Nilirudi polepole, sketi ikinivuta. Wimbi lilikuwa limeanza kuvifikia viatu vyangu, na baba mdogo alikuwa ameinama akaviokota. Alinisubiri navyo mkononi, akiviangalia vyenyewe badala yangu. Nilijiandaa kusikia neno gestion. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akilitamka nitamwambia hapana mbele ya watu wote, na yatakayotokea yatokee.

“Kesho muko na cours gani?” akauliza.

“Mécanique, baba mudogo.”

“Iko nguvu? Inashinda topo?”

“Iko nguvu sana.”

Akakung'uta mchanga kwenye kiatu kimoja, akanipa, kisha cha pili.

“Vala basi,” akasema. “Usichelewe.”